Nimeuziwa wafuasi wa Mahdi wa Sudani kwa jina la askari wa Sultani wa Zanzibar

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa michezo ya mezani.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mwezi wa Shaabani niliagiza visanamu 40 vya metali vya askari kwa ajili ya mchezo wa vita wa mezani, vya kipimo cha milimita 28 (takriban urefu wa mtu mmoja), kwa muuzaji mmoja wa Bara ambaye jina lake silitaji hapa. Tangazo lake lilisema kwa herufi kubwa kwamba hao ni askari wa Sultani wa Zanzibar, na chini yake paliwekwa picha ya askari sita waliokwisha kupakwa rangi, wenye kofia nyekundu na bunduki mabegani. Nililipa shilingi 340,000 kwa simu, zote kabla ya mzigo kutoka, na nauli ya boti juu yake. Mzigo uliposhuka bandari ya Mkoani, hapa Pemba, nilitoka Wete kwa daladala kwenda kuuchukua, nikaufungua pale pale nje ya bandari kwa sababu subira ilikuwa imenishinda. Ndani ya boksi hamkuwa na askari wa Sultani hata mmoja.

Nilikuta watu waliovaa jubba zenye viraka vya mraba kifuani na kwenye pindo, mikuki mikononi, ngao za duara, na panga ndefu zilizonyooka. Mtu yeyote aliyepata kushika brashi ya rangi katika fani hii anawajua watu hao kwa kuwatupia jicho tu. Ni Ansari, wafuasi wa Muhammad Ahmad aliyejitangaza kuwa Mahdi huko Sudani mwaka 1881, wakaiteka Khartoum Januari 1885, na wakavunjwa nguvu zao pale Karari, karibu na Omdurman, mwaka 1898. Vile viraka vilikuwa alama yao, vilianza kama ishara ya kuikataa dunia na baadaye vikawa sare kamili. Hakuna askari wa Zanzibar aliyepata kuvaa nguo ile.

Wala mtu asinijibu kwamba sikuuliza. Kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji mara tatu. Nilimweleza kwamba askari ninaowataka ni wa pambano la Wete la mwaka 1881, wale wa jeshi lililoanzishwa mwaka 1877, zama za Sultani Sayyid Barghash, chini ya Lloyd Mathews, Luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Kwamba askari wa kawaida walivaa kofia nyekundu, vizibao vifupi vyeusi na suruali nyeupe, na maafisa wao Waarabu walivaa makoti marefu ya buluu iliyoiva yenye nakshi za dhahabu. Kwamba walishika bunduki za Snider, ambazo Waingereza walimpa Sultani 500 kwa kuanzia. Akanijibu, "Ndio hao hao, ndugu yangu, lipia tu." Nilipomtumia picha za nilichokipokea akanyamaza siku nne, kisha akaandika kwamba mwaka ni ule ule wa 1881, Waarabu ni wale wale, na nikishapaka rangi hakuna atakayeona tofauti.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nije kuandika hapa, kwa sababu fedha peke yake ningeweza kuidai kimya kimya. Kwanza, wengi wa askari wale wa Mathews hawakuwa Waarabu, walikuwa Waafrika wa pwani hii, babu zetu sisi tunaosoma uzi huu. Pili, kutoka Khartoum hadi Wete ni safari ya zaidi ya kilomita elfu mbili. Mtu anayewauza watu wa kule kwa jina la watu wa huku, kisha anapoambiwa anasema ni wale wale, ametutukana sisi sote, na ninaona ajabu kwamba jambo hili limeachwa likaendelea mpaka leo.

Huenda baadhi yenu mkauliza kwa nini nilihitaji askari hao tu. Mimi nakaa Wete, na pambano ninaloliandalia meza ni la Wete. Mnamo Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Uingereza HMS London alilisogelea jahazi lililokuwa likipepea bendera ya Ufaransa katika maji ya Pemba, akiwa kwenye boti ndogo ya mvuke, akavamiwa na wasafirisha watumwa waliokuwamo jahazini akauawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Mathews akaja na askari wa Sultani hadi hapa kwetu Wete, pakatokea mapigano mafupi, na kiongozi wao akakamatwa. Ni tukio dogo, watu wachache kila upande, na kwa hiyo linafaa sana kwa mchezo wa mezani. Meza yenyewe ni ubao wa futi sita kwa nne. Mikoko nimeitengeneza kwa nyuzi za nazi zilizotiwa gundi, na magogo yaliyoangukia njiani ni makonyo ya karafuu niliyoyachagua moja moja, kwa sababu konyo likikauka hupata mikunjo ile ile ya gome la mti. Kazi hiyo yote imekamilika. Waliokosekana ni askari.

Na suala la silaha si la mapambo. Katika mchezo, kile kilichoshikwa na kisanamu ndicho mpinzani wako anachokisoma akiwa amesimama upande wa pili wa meza. Mwenye Snider anasimama mbali na kupiga, anafyatua risasi moja, anafungua, anatia nyingine. Mwenye mkuki hana budi kukimbilia kwa adui. Ukiwapanga watu 40 wa mikuki ukasema "jamani, hawa tuwahesabu kuwa na bunduki", kila baada ya dakika mbili mtu atasahau, na mchezo utaharibika kwa ubishi. Vijana wawili wa dada yangu ninaocheza nao wamelijaribu hilo kwa jioni moja tu, wakaniambia, "Mjomba, hawa hatuwataki."

Kwa kuwa fedha ilikuwa imeshakwenda, niliamua kuwageuza mwenyewe, na nataka muuzaji yule, ambaye najua anapita humu, aelewe kazi aliyonitwika kwa neno lake la "hakuna atakayeona". Kila kiraka cha jubba kimechongwa kikiwa kimeinuka, si mstari wa rangi, kwa hiyo lazima kiondolewe kwa tupa ndogo kisha kwa msasa uliolowa maji. Nafanya hivyo nje, barazani, huku nimefunga kitambaa puani, kwa sababu muuzaji hakutaja popote kama metali yake ina madini ya risasi, yale yenye sumu. Pindo la jubba nalikata kwa koleo hadi juu ya goti, halafu miguu naiumba upya kwa udongo wa epoksi, ule wa njano na buluu unaogeuka kijani ukishaukanda. Udongo huo unakupa saa moja na nusu hivi ya kuufanyia kazi, na joto letu la Pemba linaupunguza muda huo. Chombo kisipolowanishwa maji kila mara, unanata juu yake na kuondoka na suruali nzima uliyoiumba.

Mkono wenye mkuki ni taabu kubwa zaidi. Ngumi imemiminwa pamoja na mpini, na mpini umeegemea bega. Natoboa ngumi kwa keekee ya mkono, yenye ncha ya milimita moja au pungufu, na mara mbili kidole gumba kimekatika. Mtutu wa Snider nimeutengeneza kwa sindano ya hospitali iliyokatwa ncha, ambayo ni mpya na haijatumika, kitako kwa kijiti cha mwanzi, na vyote nikavishika kwa supaglu. Kofia nayo inaanza na kidonge cha udongo kisichozidi punje ya mtama, kinachobandikwa juu ya kichwa kilichokwisha kuondolewa kilemba chake, kikaachwa hadi asubuhi, ndipo kikakatwa kwa wembe mpya ili kipate ukingo. Baada ya hapo ndipo rangi inaanza, na kizibao cheusi hakipakwi cheusi tupu, maana kwa udogo ule mikunjo yote hupotea; napaka kijivu kilichoiva sana, nyeusi nikaiacha ikae kwenye mashimo peke yake.

Nimewageuza tisa. Imenichukua usiku 17, na hao tisa ninawapenda, siwezi kusema uongo. Lakini mimi sikununua malighafi. Nilinunua askari waliotangazwa kuwa tayari kwa rangi, kwa bei ya askari waliochongwa mahsusi, ilhali visanamu vya Ansari vinapatikana kwa wauzaji wengine kwa bei iliyo chini ya ile niliyolipa.

Kuhusu picha ya tangazo, juzi nimeilinganisha na nilichonacho, na hakuna hata mkao mmoja unaofanana. Kwenye picha wale sita wamesimama mguu mmoja mbele, mikanda inaonekana, mifuko ya risasi inaonekana. Ama visanamu hivyo vipo na muuzaji amenitumia vingine kwa makusudi, ama ni kazi ya mikono ya mtu mwingine iliyochukuliwa bila ruhusa ili kuuzia mzigo usiouzika. Kama aliyevipaka rangi yumo humu, namwomba ajitokeze.

Nimemwandikia muuzaji kwa mara ya mwisho jana baada ya Isha. Nimemtaka arudishe fedha za visanamu 31 ambavyo sijavigusa, pamoja na nauli ya kuvirudisha, na aliondoe jina la Zanzibar kwenye tangazo lake, ambalo hadi ninapoandika haya bado lipo na picha yake ile ile. Nyinyi mliowahi kununua kwa tangazo hilo, geuzeni visanamu vyenu mtazame chini ya kitako cha kusimamia: vyangu vyote vina herufi mbili na tarakimu moja zilizopigwa mhuri karibu na kisigino cha kushoto. Wekeni picha hapa tulinganishe, ili asije akasema kwamba mzigo wangu ndio pekee uliokosewa.

Wale 31 nimewarudisha ndani ya boksi lao, nimeufunga mzigo kwa gundi ya karatasi na anwani ya muuzaji nimeshaiandika juu. Boti inaondoka Mkoani Jumamosi. Akijibu kabla ya hapo nitawaarifu kwenye uzi huu huu.