Nimeonyesha kazi zangu za programu huria, nikapewa FOMU YA KUJITOLEA!

Wakuu, nimetoka kwenye intavyu sasa hivi. Nipo hapa Makoroboi nimesimama juani, naandika kwa kidole kimoja maana mkono wa pili unatetemeka. Yule bosi mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila kijana wa Mwanza aliyewahi kugusa kompyuta ameshakaa mbele ya kile kiti chake kinachozunguka.

Nikamfungulia akaunti yangu ya GitHub, ule mtandao watu wanapoweka na kuchangia kazi za programu. Viboksi vya kijani mwaka mzima, kila kiboksi ni siku niliyochangia, bando nimenunua kwa hela ya kula. Akauliza, "Hawa Wazungu wamekulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia, bosi, hawalipi, ni programu huria, watu wanachangia, dunia nzima inatumia. Akazungusha kiti. Akamwita sekretari: "Dada, huyu amezoea bure. Mletee fomu ya kujitolea."

FOMU. YA. KUJITOLEA.

Tangazo liliandikwa mshahara! Na yule dada hata hakushangaa, fomu ilikuwa droo ya juu, imeshagongwa muhuri. Nadhani jina langu lilikuwepo tangu nazaliwa pale Sekou Toure. Simu ya bosi mwenyewe ni Android, ndani yake kuna Linux, programu huria aliyoitoa Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Finland. Huyo naye angekuja Mwanza angepewa fomu na kuambiwa aje na maji yake ya kunywa.

"Huyu amezoea bure." Mbele ya sekretari! Mbele ya fundi wa AC aliyekuwa juu ya ngazi! Fundi kacheka mpaka bisibisi ikadondoka.

Sangara Mkavu: Pole mkuu. Fomu umejaza?

Mleta mada: Uliza swali la maana.

Sangara Mkavu: Kwa hiyo umejaza.

Binti Nyakato: Hiyo fomu mimi niliipata zamani. Nimejitolea mpaka nikawa nawafundisha wanaolipwa. Nauli walinipa ya kwenda tu, kurudi Igoma ujijue.

Kifaru wa Buzuruga: Wakuu, nimeingia kwenye akaunti yake. Hivyo viboksi ni kuongeza nukta kwenye maelezo ya programu. Kuna siku kaweka nukta, kesho yake kaitoa. Bosi apewe maua yake.

Mleta mada: Maelezo nayo ni mchango! Wenye mradi wamekubali, na mmoja kaniwekea dole gumba.

Mzee wa Kamanga: Hawa ndio wale wa Hacktoberfest, ile kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria. Mwaka 2020 watu walimwaga takataka kwenye miradi ya wenzao wapate fulana, mpaka waandaaji wakabadilisha masharti mwezi haujaisha. Mleta mada, fulana unayo?

Mleta mada: Fulana haihusiani na FOMU.

Mzee wa Kamanga: Anayo. Na ndiyo aliyoendea kwenye intavyu.

Fundi Nyegezi: Utani pembeni kidogo. Dogo, achana na nukta, nenda DHIS2. Ni mfumo wa takwimu za afya, unaendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo, na hata hapa Tanzania unatumika. Rekebisha hitilafu moja tu inayoeleweka, halafu mwambie msaili ripoti za zahanati ya mtaani kwake zinapita humo.

Sangara Mkavu: Atauliza Oslo wamelipa ngapi.

Kifaru wa Buzuruga: Halafu droo ya juu.

Mama Mahindi: Nyie mnalilia viboksi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, sisi tuliokuwa tunauza kwenye foleni ya kivuko tumebaki tunatazamana. Magari yanapita juu mbio, nani atashuka anunue hindi?

Sangara Mkavu: Mama, mahindi yako yalikuwa magumu. Tulikuwa tunanunua kwa sababu pantoni haiji.

Mama Mahindi: Kumbe ni wewe uliyekuwa unamaliza pilipili yangu kwa hindi moja?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada tafadhali. MBELE YA FUNDI WA AC.

Binti Nyakato: Mama, siku hizi unapatikana wapi? Napita huko Jumamosi naenda Sengerema.

Mama Mahindi: Usagara, njia panda. Njoo na chenji mwanangu.