Naombeni ushauri: mtoto amechoka na masomo ya Kiebrania, nimwachishe?

NaishiUgenini:
Wakuu, habari za muda huu. Huwa napita humu kusoma tu, sijazoea kuanzisha uzi, ila leo limenifika.

Niko Philadelphia, mwaka wa 15 huu. Nimeolewa na Mmarekani, Myahudi wa kuzaliwa. Wakati tunaoana alikuwa Myahudi wa sikukuu tu: Pasaka yao anakula mikate isiyotiwa chachu siku mbili, ya tatu namkuta jikoni na mkate wa siagi. Tuna kijana mmoja, Oktoba anatimiza miaka 13. Baba mkwe alipofariki mambo yakageuka. Mume akawa anakwenda sinagogi kila siku kumsomea baba yake Kadishi, sala yao ya wafiwa, miezi 11 kama ilivyo desturi yao, na miezi ilipoisha yeye hakurudi alikokuwa. Kijana akaandikishwa darasa la Kiebrania, Jumapili asubuhi na Jumanne jioni akitoka shule. Juu ya hapo kuna mwalimu wa kumfundisha kughani, maana siku ya bar mitzva, sherehe yao ya kijana kutimiza miaka 13, atasimama mbele ya watu asome Torati kwa mahadhi. Fungu lake ni habari za Nuhu.

Mtoto amechoka, jamani. Mpira ameacha. Jumamosi iliyopita wametoka sinagogi, jioni natazama daftari lake, kurasa nane za zile herufi zao za kutoka kulia kwenda kushoto. Kurasa nane! Mtoto wa darasa la saba.

Swali langu ni dogo: nimwachishe apumzike, au amalizie? Mwenye matusi apite kushoto.

Nyundo Butu:
Nimeshakaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Bint Mkunazini:
Mwanangu, nimesoma nikacheka peke yangu. Hayo ya kulia kwenda kushoto sie tumezaliwa nayo. Nilitiwa chuoni na miaka mitano. Ukishajua alifu na bee unaingizwa irabu, ukishajua irabu unaunganisha, na siku ya kuhitimu msahafu mama anapika, mtaa mzima unakula. Niliwahi kuacha miezi miwili nikisingizia jicho. Bibi hakunipiga. Alinikalisha jikoni nimsomee juzuu ya Amma huku anakuna nazi, na kila nikikosea anaacha kukuna. Mpaka leo nikisikia mbuzi imenyamaza najua nimekosea. Usimwachishe.

Mkulima wa Zamani:
Nilikaa Arava, kusini mwa Israeli, miezi 11 kwenye mafunzo ya kilimo, pilipili hoho na tende. Kiebrania si kigeni kwetu kama mnavyodhani. Sita ni shesh, saba ni sheva, tisa ni tesha, damu ni dam. Sisi tuliyapata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa ukoo mmoja. Kazi iko kwenye irabu. Vitabu vya kujifunzia vina vinukta na vistari juu na chini ya herufi, lakini gombo la Torati lenyewe halina nukta hata moja, wala alama ya mahadhi. Herufi tupu. Ina maana sauti yote aje nayo kichwani. Na gombo haligusi kwa kidole, anafuatisha mistari kwa kijiti. Nyie mnaona mchezo.

Mzee wa Kijiwe:
Mnazunguka mbuyu. Kanisani kila Jumapili mnaimba Sayuni, leo mtu kapata mume wa Sayuni mwenyewe analalamika daftari. Uliolewa huko ukijua. Mtoto afuate dini ya baba yake, uzi ufungwe.

Wakili wa Mtaa:
Mzee, hapo ndipo pana shimo. Kwa Wayahudi uyahudi hupita kwa mama. Mleta mada, wewe umeingia dini yao? Hujasema popote.

NaishiUgenini:
Sioni hilo linahusiana vipi na mtoto kuchoka. Nimeuliza habari ya masomo.

Wakili wa Mtaa:
Linahusu sana. Niko Baltimore, watoto wa jirani yangu nimeshuhudia bar mitzva zao mbili. Wayahudi wa Reform, wale wa mrengo wa mageuzi, hapa Marekani tangu 1983 wanampokea hata mtoto wa baba Myahudi, mradi alelewe Kiyahudi. Wengine hawakubali mpaka mtoto aingizwe rasmi. Sasa sinagogi lenu ni la upande gani?

(Kwa faida ya wengine: hizo shule zao za dini za Jumapili zilianzia hapo hapo Philadelphia mwaka 1838. Rebecca Gratz ndiye aliyeianzisha ya kwanza, akitazama za Wakristo zinavyokwenda. Kwa hiyo dada yetu asione kama kapelekwa sayari nyingine.)

NaishiUgenini:
Haya. La mwanzo lilikuwa hilo la Reform, wala hakuna aliyeniuliza kitu. Mume akahamia lingine, anasema ndilo la babu yake. Rabi wa huko ni mtu mpole, katuita ofisini, katupa chai. Akasema mtoto hana tatizo, ila kwa kuwa mama si Myahudi inabidi kabla ya Oktoba akae mbele ya marabi watatu, kisha azamishwe kwenye mikve, birika lao la maji. Walipanga wiki ya pili ya Julai.

Mimi sijaingia dini yao. Ni Mlutheri wa Machame, mtoto wa mwinjilisti.

Wakili wa Mtaa:
Na Julai ukamwambia nini?

NaishiUgenini:
Julai mtoto hatakuwepo. Tarehe 3 anapanda ndege, anakwenda kukaa na mama yangu wiki sita. Tiketi nilikata tangu Februari, kabla ya huyo rabi, na pesa hairudishwi. Sijamficha mtu. Mtoto kumwona bibi yake ni haki yake.

Halafu kuna jingine. Alipokuwa na miaka mitatu tulikwenda Krismasi, mume alibaki kazini. Mama akasema mjukuu haondoki pale hajabatizwa. Tukambatiza. Mume hajui hadi leo. Picha iko ukutani sebuleni Machame, kavaa suti nyeupe, mchungaji kamwekea mkono kichwani.

Nyundo Butu:
Ngoja nielewe. Unamkwepesha mtoto maji ya Julai kwa kumpeleka kwenye picha ya maji ya Desemba. Dada, una akili kuliko sisi wote.

Mzee wa Kijiwe:
Miaka tisa unamficha mume jambo kama hilo! Wanawake. Mimi wa kwangu alinificha kiwanja cha Kibaha, nikajua siku kinauzwa. Nimeshasema, sirudii.

Bint Mkunazini:
Nawe Mzee, kiwanja na ubatizo wapi na wapi?

Mzee wa Kijiwe:
Siri ni siri, bi mkubwa.

Kijana wa Nabugoye:
Mama, pole. Mimi ni Mwabayudaya, yaani Myahudi wa Uganda, kwetu ni Mbale, saa hizi niko Eldoret kikazi. Hayo maji nayajua. Babu zetu walimfuata Semei Kakungulu mwaka 1919, wakashika Torati bila kuona rabi. Wakati wa Amin dini yetu ilipigwa marufuku, watu wakawa wanasali kwa kujificha. Mwaka 2002 marabi wa kigeni walikuja, mamia yetu tukaingia majini. Nilikuwa na miaka tisa. Babu alinung'unika wiki nzima: nimeshika Sabato tangu nikiwa mtoto, leo naambiwa nikaoge ndiyo niwe Myahudi? Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Masomo ni kweli yanachosha. Lakini shule yetu ya msingi ya Hadassah inasomesha Wayahudi, Waislamu na Wakristo darasa moja, na watoto wa wenzetu walikuwa wanatusahihisha Kiebrania. Na ujue hili: mtoto akizamishwa kabla ya miaka 13, akifika umri huo ana ruhusa ya kusema sitaki. Sheria yenyewe inampa. Je, yeye anasema nini? Umeandika mengi, yeye sijamsikia.

Kama alitahiriwa hospitali, jiandae pia. Watataka tone moja la damu. Ni kama sindano ya malaria, haizidi.

Nyundo Butu:
Tone la wapi tena? Mimi natoka kwenye uzi.

Mkulima wa Zamani:
Wadau, subirini kwanza. Nimerudi kusoma bandiko la kwanza. Jumamosi wametoka sinagogi, jioni kurasa nane za daftari. Jumamosi ni Sabato! Kule Arava kulikuwa na mzee jirani, hata orodha ya sokoni hakuandika mpaka nyota tatu zionekane. Leo baba aliyehama sinagogi kwa ajili ya msimamo, mwanawe ashinde anaandika siku hiyo? Na darasa umesema ni Jumapili na Jumanne. Hii ni chai, tena ya rangi.

Nyundo Butu:
Nilijua mimi. Mtunzi, sehemu ya pili lini?

Mzee wa Kijiwe:
Na mimi nimetoa siri ya kiwanja changu bure! Wasimamizi, fungeni.

Bint Mkunazini:
Mwacheni ajibu.

*(siku mbili baadaye)*

NaishiUgenini:
Nilikuwa zamu ya usiku, sijakimbia.

Mkulima, umesema kweli, Jumamosi hawaandiki. Lile daftari si la darasani. Anajifungia chumbani baba yake akilala mchana. Anaandika Nuhu bila nukta, kama gombo lilivyo, anafunika, anaghani, anafunua. Baba yake akijua anaandika Sabato atamkataza, kwa hiyo na yeye ana siri yake. Mpira aliacha mwenyewe, sikumlazimisha mimi wala baba yake.

Nilipomfuma nilimuuliza, umechoka mwanangu? Akasema, mama, kuna mahali najikwaa, kaa hapa unisikilize. Nikakaa. Akaghani mpaka mwisho, akaniuliza, nimekosea wapi? Sikujua. Sijui herufi hata moja. Nikamwambia hujakosea, akaniangalia tu.

Ndiyo nikaja kuandika humu kwamba amechoka.

Kijana wa Nabugoye:
Asante kwa kusema, mama.

Bint Mkunazini:
Unadhani bibi yangu alikuwa anajua kusoma? Hakuwa akijua hata alifu. Aliacha kukuna nilipositasita, basi. Wewe kaa.

Mkulima wa Zamani:
Chai nimeifuta. Ila hiyo jioni ungeieleza vizuri tangu mwanzo tusingefika hapa.

Wakili wa Mtaa:
Na tiketi?

NaishiUgenini:
Nimeuliza. Kusogeza hadi mwisho wa Julai ni dola 175. Sijalipa bado.

Nyundo Butu:
Na picha?

NaishiUgenini:
Nimempigia mama jana. Kasema haitoi.