Tupeane uzoefu: shule ya kata huku Nyanda za Juu Kusini, kazi hukwama wapi?

Mleta mada: Zamani huku ukisema sekondari, watu walielewa Malangali, iliyoanza 1928, au Tosamaganga. Mtoto anafunga sanduku anaondoka. MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ilipokuja 2004, sekondari zikasogezwa kwenye kata: wananchi wapandishe boma (kuta bila paa), serikali imalizie. Wazoefu wa Mafinga, Makambako, Tukuyu, karibuni.

Fundi Lenta: Hukwama juu ya lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Tofali zifyatuliwe mvua ikikatika, Mei hivi, zikauke chini ya nyasi, tanuri liwashwe Agosti. Zikichomwa na unyevu zinapasuka. Za pembeni mwa tanuri hazijaiva, msiziweke chini, zinanyonya maji na kumomonyoka. Boma likinyeshewa misimu miwili bila paa, kozi (mistari ya tofali) za juu zinalegea. Siku ya kupaua fundi anaanza kwa kubomoa. Ndiyo maana hela ya kwanza itengewe saruji ya mkanda (zege linalofunga kuta kwa juu) na mbao. Tofali na mawe nguvu kazi ipo.

Mdau Makambako: Na upepo je? Kenchi, yaani fremu za mbao za paa, zifungwe kwa nondo iliyolazwa ndani ya mkanda, msitegemee misumari. Bati geji 28, achaneni na 30, ni nyembamba zaidi. Paini ya Sao Hill iko jirani, ila ikipauliwa mbichi inajipinda na misumari inang'oka.

Mama Bodi: Mmesahau chakula jamani! Makande: kadirieni gramu 150 za mahindi na 60 za maharage kwa mtoto. Wanafunzi 300 ni kilo 45 na kilo 18 kwa siku. Muhula wa siku 95, mtoto hamalizi kilo 15 za mahindi, hata debe halifiki. Kusanyeni Julai na Agosti. Januari mzazi anawaza mbolea. Pimeni kwa mzani, maana debe la kila nyumba lina ujazo wake (mnajua!). Hifadhini kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi, wadudu watoboao mahindi, watawaachia unga. Kamati ya wazazi ndiyo ishike stoo. Na tangu elimu bila ada ya 2016, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia.

Fundi Lenta: Sawa mama. Jingine: shule ndiyo ukumbi wa kata, mikutano humo, kura humo. Viti vikitoka kwenda msibani viandikwe kwenye daftari, na bodi ya shule iseme mapema nani analipia kilichovunjika.