Tupeane uzoefu: mliosukia kampuni za "biashara ya haki", mlilipwaje?

Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu amekaribishwa kwenye kikundi cha wasuka vikapu vya milulu, nyasi za kinamasi, hapa Iringa. Kuna kampuni inavinunua na kuvipeleka Ulaya kwa jina la "biashara ya haki", yaani ile inayoahidi kumlipa mzalishaji malipo ya haki. Karatasi waliyopewa imejaa picha za akina mama wanacheka na maneno ya kuwawezesha wanawake, ila kwenye malipo wameandika maneno mawili tu: bei nzuri. Nzuri kwa nani? Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) zinasema kwenye kazi za mikono mzalishaji akiomba, mnunuzi atangulize angalau 50% ya thamani ya oda, bila riba. Nani aliwahi kuiona hiyo hela kwa macho yake? Majina ya kampuni msiweke, tusije tukaitana polisi.

Mama Milulu
Mimi niliiona, dada. Watu wanadhani faida ya malipo ya awali ni ya kununulia rangi. Hapana, faida yake ni Januari. Shule zinafunguliwa, ada na sare vinadaiwa, na mlanguzi anajua, ndiyo maana anakuja mwezi huo na si mwingine. Unampa vikapu kwa bei anayotaja yeye maana mtoto amerudishwa nyumbani. Tulipoanza kulipwa nusu kabla, mlanguzi akawa anapita anasalimia tu.
Lakini waulizeni habari ya vikapu vinavyokataliwa. Siku ya kukabidhi anakuja kijana na futi, anapima mdomo, anapima kimo, anakiweka kikapu juu ya meza aone kama kitako kinayumba. Kikiyumba anakirudisha. Mwanzoni hicho hakikuwa na bei kabisa, kazi yote imekwenda. Tuligoma kupokea oda mpya mpaka kampuni ikakubali kutuma kikapu cha mfano na vipimo viandikwe kwenye daftari kabla hatujaanza kusuka. Tangu hapo vinavyorudi ni vichache, tunaviuza wenyewe sokoni mjini.

Mkamba wa Machakos
Huku kwetu ni viondo, vikapu vya nyuzi. Mama yangu husokota nyuzi za mkonge kwa kuviringisha kwenye paja mpaka ngozi inakuwa ngumu. Broker hakuwahi kulipia usokotaji, alilipia kiondo kilichokamilika, kana kwamba nyuzi huota shambani zikiwa tayari. Kampuni iliyokuja baadaye ilifanya jambo nililoliheshimu: walikaa na kikundi wakapima saa, kuanzia kusokota hadi safu ya mwisho, halafu wakapanga bei ya kiondo kimoja kwa kulinganisha na kima cha chini cha mshahara cha serikali. Bei ilipanda. Mzee mmoja kijijini akasema wanawake wameharibiwa vichwa, na vijana wake wawili wanasoma kwa hela ya viondo vya mkewe.

Bi Ukindu
Assalaam aleikum. Mimi nipo Pemba, sikupata hata senti ya kutangulia. Oda ilikuja ya mikoba, wakataka kijani hafifu, picha wakatuma kwa WhatsApp. Tukachana ukindu, majani ya mkindu, tukachovya rangi, tukasuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikoba, pima kwa pima. Oda ikafutwa. Kijani kile huku hakuna anayekitaka, si kwa mkeka wala kwa msala, kinafanana na maji ya mchicha. Basi ukili wote ule umebaki kwangu.

Fundi Huru
Achaneni na vikundi, uzeni wenyewe mtandaoni. Mimi nauza hereni za shanga na nalipwa siku hiyohiyo.

Mkamba wa Machakos
@Fundi Huru hereni utaziweka kwenye bahasha. Jaribu kutuma kiondo kimoja Ujerumani uone nauli.

Shangazi wa Nairobi
Niongeze kidogo. Kuna kusuka nyumbani na kuna kuajiriwa karakana, msivichanganye. Kazuri, karakana ya shanga pale Karen, Nairobi, ilianza 1975, Susan Wood na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, na shanga za udongo zinatengenezwa na wanawake wanaoingia kazini kama wafanyakazi wengine. Aliyeajiriwa ana mtu wa kumdai michango ya NSSF, akiba ya uzeeni. Anayesuka barazani kwake akiumwa mgongo atamdai nani? Ila sitawalaumu wanaochagua baraza, mwenye kichanga hawezi kupanda matatu mbili kila asubuhi.

Mleta mada
Asanteni sana. Mama Milulu, hilo la kikapu cha mfano na vipimo kwenye daftari nalichukua kama lilivyo. Bi Ukindu, pole, na kwenye masharti yetu naongeza kwamba oda ikifutwa baada ya kuchovya rangi, ile nusu ya malipo ya awali haturudishi. Kikao ni Jumamosi. Kuna mwenye mkataba wa oda ulioandikwa kwa Kiswahili? Auweke hapa, wa kwao tumeletewa kwa Kiingereza kurasa sita na wanataka usainiwe siku hiyohiyo.