Kununua kwa hasira: mshahara ulindweje?

nabugabo_7
Wapendwa, naomba hesabu, si mawaidha. Kipato ni shilingi 900,000 za Uganda kwa mwezi, kodi ya nyumba 250,000, karo ya mtoto mmoja 450,000 kwa muhula. Shida ni jioni zenye msongo: simu mkononi, wauzaji wako laivu TikTok, kufumba na kufumbua pesa imeshatumwa. Mtu aanzie wapi?

mhasibu_jinja
Dada, anza na karo, maana hiyo ndiyo inayodanganya. Mihula mitatu ni 1,350,000 kwa mwaka, sawa na 112,500 kila mwezi, hata mwezi wa likizo. Toa na kodi, zinabaki 537,500. Chakula, usafiri, maji na umeme tuseme 380,000. Zilizo huru kweli ni 157,500, wala si zile 650,000 zinazong'aa kwenye simu baada ya kulipa kodi.

Kwa hiyo pesa ya karo iondoke siku ile ile ya mshahara. Kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu ni kizuri, lakini uliza kwanza tarehe ya kugawana: kinachogawa Desemba kinafaa karo ya Februari, ya Mei hakikusaidii. Ya Mei weka SACCO, chama cha akiba na mikopo.

Za matumizi zipeleke laini ya pili, wiki kwa wiki. Gawa 380,000 kwa 30, zidisha kwa 7: kama 88,600. Wengi hugawa kwa 4, ndiyo maana tarehe 29 jikoni hakuna kitu.

subira_mbale
Hesabu ya mhasibu ni safi, ila hasira haisomi hesabu. Chukua daftari, siku 14: saa, kitu, bei, na hali ya moyo kwa neno moja tu. Utaona saa zako mbaya. Saa hizo laini yenye pesa ikae kwenye kasimu kadogo ka vitufe, chumba kingine.

Kitu cha chini ya 50,000 kisubiri siku moja, cha juu yake siku saba. Muuzaji akisema "imebaki moja", mwache nayo. Na usitume pesa ya kuwekewa kitu! Ukishatuma 10,000 umeshanunua, maana utailipia yote ili hiyo isipotee.

Usijinyime kabisa pia. Tenga 30,000 za starehe, noti mkononi. Bajeti isiyo na hata rolex (chapati na mayai) ya jioni hupasuka wiki ya pili.

mivumba_owino
Mimi niko upande wa kuuza, nisikilizeni. Robota la mitumba likifunguliwa watu wanagombania, na kule kusukumana ndiko kunakouza. Subiri watu wapungue. Kisha vuta zipu mara mbili, geuza kwapa, inua kola kwenye mwanga. Blauzi ya 15,000 na boda ya 6,000 ni blauzi ya 21,000, iandike hivyo.

nabugabo_7
Asanteni. Na mkopo wa simu, kuziba pengo tu?

mhasibu_jinja
Kwa nguo, hapana. Ada ikiwa 9% kwa siku 30, 100,000 inarudi 109,000. Ukiitoa kwa wakala kodi ya serikali ya 0.5% inakula 500, na ada ya kutoa iko juu yake. Mwezi ujao zile 157,500 zimeshabaki 48,500 kabla hujafungua TikTok.