Mjadala: Anayemuuguza ndugu nyumbani alipwe na serikali, au huo ni wajibu wa damu?

Mtoa mada, Nkuhungu
Wakuu, Bunge la bajeti likikaa hapa Dodoma mjini tunasikia barabara, maji na pembejeo. Mimi naleta habari ya watu wasiotoka ndani: binti anayemgeuza mama yake aliyepooza, mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo, mke wa mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe na mfuko wa dawa.

Msimamo wangu: walipwe. Na alipwe yule anayeuguza, kwa jina lake, siyo mkuu wa kaya.

Msiniambie TASAF ipo, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. TASAF inapima umaskini wa kaya, haiulizi nani anakesha. Kwenye ajira zake za muda, mwanamke mwenye afya anahesabika nguvu kazi. Akienda kuchimba bwawa, mgonjwa atalishwa na nani? Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 2 ni ya watu wenye ulemavu, ni mkopo. Mkopo unataka biashara, na biashara inataka mtu atoke.

Mchangiaji, Mpwapwa
Napinga. Mzazi hakukudai kitu alipokubeba mgongoni, leo unataka posho ya kumnywesha uji? Pesa ikiingia mzee anageuka mradi. Ndugu watamgombea bibi wiki ya malipo, ikipita wanarudishiana. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema matunzo ya wazee msingi wake ni familia.

Mtoa mada
"Familia" hiyo ni nani? Ni mtu mmoja: binti asiyeolewa, au mkwe. Kaka zake wako Dar, wanatuma ya vocha na maelekezo.

Na hoja yako si ngeni. Uingereza walianza posho ya wanaouguza mwaka 1976, wakawanyima wanawake walioolewa, eti hao wako nyumbani tu. Ilibidi mwanamke aliyeacha kazi ili amuuguze mama yake afike mahakamani, ndipo mwaka 1986 wakaingizwa.

Mchangiaji, Kondoa
Nyote mnavutana kwenye pesa taslimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naingia nyumba hizo. Na huko Uingereza, anayepata posho hiyo akizidisha kipato kidogo tu juu ya kikomo anaipoteza yote. Wapo waliodaiwa kurudisha maelfu ya pauni. Sasa mama wa kwetu anayeuza karanga na ubuyu barazani, kipato chake atakipima nani?

Wanachoniomba ni pampasi za watu wazima, godoro lisilochubua mgongo, na mtu wa kukaa na mgonjwa msimu wa kilimo. Hapo ndipo penye maumivu. Mvua zetu ni hizo za Desemba hadi Aprili, basi. Mwanamke asipopalilia Januari, mavuno hayana uwele, na mwaka mzima atakuwa na mgonjwa na njaa. Sisi wahudumu tunapita nyumba hadi nyumba, hatuwezi kubaki. Serikali ilipe mtu wa kijijini apokee zamu, hata siku tatu kwa wiki, kuanzia kupanda hadi palizi ya pili. Hilo litamsaidia kuliko elfu ishirini ya kugombaniwa.

Mchangiaji, Mpwapwa
Hilo la zamu nalikubali, halimgeuzi mzee kuwa mtaji. Ila orodha ataandika nani? Mwenyekiti? Mmesahau kaya hewa za TASAF? Zanzibar wameweza pensheni jamii tangu 2016 kwa sababu kigezo ni umri, miaka 70, hakuna ubishi. Kuuguza hakuna cheti cha kuzaliwa.

Mtoa mada
Posho siiachii, maana wa mjini hana shamba la kupalilia. Wa Chang'ombe hapa mjini anapoteza kibarua, siyo uwele. Vijijini tuanze na zamu.

Orodha iandikwe na muuguzi wa zahanati, anayejua nani analala kitandani, kisha ibandikwe ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano. Mpwapwa, niambie: nani atajiandikisha kuwa ana mgonjwa wa kitandani ambaye majirani hawajawahi kumuona?