Baiskeli kwenye vilima vya South Downs na Ridgeway, nianzie wapi?

Mgeni wa Matuta
Wakuu habari zenu. Niko Uingereza mwaka wa pili sasa, nimejipatia baiskeli ya milimani ya mtumba, ina shoki mbele tu nyuma kavu, na mpaka sasa nazungukia misitu ya jirani kurukaruka mizizi. Nimechoka na miti jamani. Nataka sehemu ya wazi, majani na upepo, unaona mbele kilomita kibao, na historia kidogo maana mi ni mtu wa ngome na makaburi ya kale. Nimesikia South Downs Way, nimesikia Ridgeway, zile njia ndefu za vilima huku kusini mwa England, zote zinasifiwa ila kila ninayemuuliza ananiambia inategemea. Nina siku tatu mwezi wa tano, pumzi ya wastani, sijawahi kuzidisha kilomita 50 kwa siku. Halafu swali la kijinga, hivi baiskeli inaruhusiwa kila njia yenye kibao? Juzi mzee mmoja mwenye mbwa kanikata jicho mpaka nikashuka nikasukuma.

Mzee wa Gia
Mkuu hilo la mwisho ndo ungeanza nalo. England na Wales haki yetu iko kwenye njia za farasi, ni sheria ya 1968 ndo ilituruhusu, na sharti lake unampisha mtembea kwa miguu na mwenye farasi, sio wao wakupishe wewe. Njia ya miguu huna haki ya kuendesha. Angalia mshale kwenye kibao, wa njano ni wa miguu, wa bluu ni wa farasi. Kwenye ramani za Ordnance Survey, lile shirika la ramani la taifa, za 1:25,000 zote mbili ni vistari vya kijani, vifupi ni miguu na virefu ni farasi, kwahiyo vaa miwani. Huyo mzee inawezekana alikuwa sahihi haha.

Njia yenyewe mi nakwambia South Downs Way. Kilomita 160 kutoka Winchester mpaka Eastbourne na baiskeli unapita nayo mwanzo mwisho, ila ukifika Alfriston kuna njia mbili, inayoenda kwenye yale majabali meupe ya Seven Sisters ni ya miguu tu, wewe unashika ya ndani kupitia Jevington. Usihuzunike, huko ndo unapita juu ya Long Man of Wilmington, lile jitu la urefu wa mita 72 lililochorwa ubavuni mwa kilima. Ngome za kale utaziona mpaka uchoke, Old Winchester Hill, Chanctonbury Ring, na ukiwa kilele cha Ditchling Beacon, mita 248, upande mmoja bahari upande mwingine mashamba mpaka macho yanaishia.

Dada Pedali
Kaka Mzee wa Gia samahani lakini unataka kumuua mwenzako. Kilomita 160 kwa siku tatu kwa mtu wa kilomita 50, hapo hujamtajia kupanda, ukijumlisha yote ni karibu mita 4,000. Watu wanadanganywa na hilo neno Downs wanadhani ni tambarare au mteremko, kumbe ni neno la kale lenye maana ya kilima. Na ubaya wa South Downs ni mito, Meon, Arun, Adur, Ouse, Cuckmere, kila mto umekata vilima, kwahiyo unatoka juu kabisa unashuka mpaka chini halafu unaanza upya na miguu imeshapoa.

Mdogo wangu nenda Ridgeway, kipande cha magharibi, Overton Hill pale karibu na Avebury mpaka Streatley kwenye mto Thames. Ni kama kilomita 69, karibu yote ni mgongo wa kilima, ukishapanda umepanda. Usivuke mto kuendelea mashariki na baiskeli bila kusoma ramani, huko vipande virefu ni vya miguu. Siku ya kwanza zungukia mawe ya Avebury, yale ya kale yaliyosimamishwa kwa duara, siku mbili zinazobaki ni za njia, lala usiku mmoja katikati.

Na kama unataka historia hapo ndo penyewe. Unapita katikati kabisa ya ngome ya Barbury Castle. Mbele yake unakuta Wayland's Smithy, kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000 limejificha kwenye miti, na hadithi yao ni kwamba ukimwacha farasi hapo na sarafu moja, mhunzi asiyeonekana anampigilia viatu vya chuma kwatoni. Mi niliacha baiskeli na sarafu nikaenda kula mkate wangu, nimerudi cheni bado inapiga kelele vilevile. Kama kilomita mbili mbele ndo farasi mweupe wa Uffington, mchoro wa chaki ubavuni mwa kilima, ana karibu miaka 3,000, mita 110 kutoka pua mpaka mkia, ila ukisimama juu yake unaona vistari tu vya chaki, huwezi kumuona mzima, inabidi ushuke bondeni. Tafadhali usipande baiskeli juu ya kuta za ngome, zile ni udongo tu na tairi linazila.

Tairi Bapa
Nyote mmesahau kitu kimoja nacho ni mvua. Vilima vyote hivyo ni chaki, chaki kabisa kama ya ubaoni. Ikiwa kavu inakimbia kama lami, ikilowa hata kidogo inakuwa sabuni. Mi nilikuwa nashuka mteremko mmoja baada ya manyunyu tu, sio mvua ya maana, nikagusa breki ya mbele, gurudumu likaondoka zake na mimi nikabaki hewani. Nimenyanyuka mweupe upande mmoja kama nimepakwa rangi, na ule uji wa chaki umejaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu halizunguki, nimetoa kijiti nakwangua huku kondoo wananiangalia.

Jambo la pili gumegume. Yale mawe meusi yenye kingo kama kisu, ndiyo waliyokuwa wanachongea mashoka enzi zile. Hayatoboi tairi tu, yanachana na ubavu. Tyubu mbili ni chache, beba tatu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba kwa ndani, au weka tairi zisizo na tyubu zenye ile gundi ya maji. Na upepo usijaze mpaka mwisho.

Mgeni wa Matuta
Aisee asanteni sana. Dada Pedali umenishawishi, Ridgeway magharibi. Sasa maji je, huko juu kuna vijito? Na nianzie upande gani?

Dada Pedali
Vijito hamna, chaki inanyonya maji yote yanatokea chini bondeni, ndo maana huko juu ni kukavu na ndo maana watu wa kale walipitia mgongoni. Jaza lita tatu kabla hujapanda, bomba ziko mbalimbali sana. Anzia Avebury, upepo wa kule mara nyingi unatoka kusini magharibi, utakusukuma mgongoni.

Mzee wa Gia
Haya nimeshindwa. Lakini ukizoea, rudi ufanye nusu ya South Downs, shuka treni Amberley ambayo iko kama katikati, umalizie Eastbourne kwa siku mbili au tatu. Southease pia kuna kastesheni palepale njiani, miguu ikigoma unapanda treni na hakuna atakayejua.

Mgeni wa Matuta
Nimeangalia ramani na miwani. Ile njia ya mzee wa mbwa, vistari vifupi.